Tope Halina Mwenyewe

Siku ya kwanza nilipofika kazini Changamwe, Msimamizi wa Kituo alivitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama usoni. Vilikuwa vyeupe, vya kanisani, mama alininunulia Kaloleni kwa ajili ya siku hiyo. Akamgeukia mlinzi wa lango akasema, "Tuliomba mtu wa kitalu, wametuletea bibi harusi." Mlinzi akacheka. Mimi nikamwamkia shikamoo kwa sauti ndogo, maana ndivyo nilivyolelewa, naye akaitikia marahaba huku macho yangali kwenye viatu. Adhuhuri haijafika nilikuwa nimeshavivua, niko topeni mpaka magotini nyuma ya Mikindani, naokota mbegu za mikoko. Viatu vile sikuvivaa tena.

Naandika haya kwa sababu binti mmoja wa chuo alikuja nyumbani kuniuliza nilifanya kazi gani maisha yangu yote. Nilipomwambia misitu, alicheka kwa adabu. "Misitu gani, nyanya, na wewe umeishi Mombasa?" Hakuwa na ubaya. Lakini mtu aliyeacha magoti yake mawili katika kazi hapendi kuulizwa kama kazi yenyewe ilikuwepo. Basi nitaeleza, ila msitarajie hadithi ya ushindi. Nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kupamba.

Msitu wetu ulikuwa ule unaosimama majini, kandokando ya mikono ya bahari inayoingia bara. Mkoko si kama miti mingine. Mbegu yake huota ingali inaning'inia mtini, ikarefuka, na siku inapodondoka ni mche tayari. Kazi ya kitalu ilikuwa kuziokota zilizokomaa, kuzilaza kivulini, na kuzipanda wakati wa maji mafu, yaani zile siku bahari haipandi sana wala haishuki sana. Ukipanda wakati wa bamvua, maji makubwa huja yakazing'oa, na kesho yake unakuta umewapandia watu wa ng'ambo. Upo mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya kaa. Upo mkandaa, ambao watu hukata boriti za kujengea. Upo mchu, unaostahimili chumvi na ambao mbuzi huupenda kuliko mchicha. Ukishaijua hiyo mitatu umejua nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwajua watu, na hiyo hakuna aliyenifundisha.

Kutoka Changamwe nilihamishiwa Likoni, upande wa Mtongwe, kukagua boriti. Miti iliyokatwa ilipangwa kwa unene: nyembamba kabisa ni fito, zinazofuata ni pau, kisha boriti zenyewe. Wakataji walikuwa wanaume wenye vibali, nami nilisimama pale na kamba ya kupimia, wakiniita "Bi Misitu" kwa kejeli mwanzoni, baadaye kwa mazoea. Nilichokiona Mtongwe ndicho kilichonisumbua miaka yote iliyofuata. Wanaume waliingia msituni na mashoka, wakatoka na boriti. Wanawake waliingia msitu ule ule na ndoo na vyandarua vikuukuu, wakatoka na kaa, chaza na uduvi, wale kamba wadogo wanaotandwa kwa nguo maji yakiwa haba. Boriti zilijenga nyumba mara moja. Uduvi ulileta chakula kila siku. Lakini katika taarifa ya ofisi wanaume waliitwa watumiaji wa msitu, na wanawake hawakuitwa kitu.

Nikamwendea Bwana Misitu wa Wilaya, mtu mzima, mpole, mpenda chai. Nikamuuliza, "Mzee, na hawa wanawake niwaweke wapi?"

"Wanawake gani?"

"Wanaotanda uduvi. Msitu ukikatwa, wao ndio wa kwanza kukosa."

Akafikiri kidogo, namshukuru kwa hilo. Kisha akasema, "Hao waokota tu, Mbeyu. Hebu niangalizie chai kama imechemka."

Nikaenda kuangalia chai. Tulikuwa maofisa kadhaa wa cheo kimoja katika ofisi ile, na aliyejua sukari inakaa wapi nilikuwa mimi peke yangu. Wahenga walisema kazi mbi si mchezo mwema, na mimi nilikuwa na watoto wa kusomesha.

Kisha likaja neno jinsia. Lilikuja na wageni, na mikutano katika hoteli za Shanzu, na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Tulikaa kwenye vyumba vya baridi tukiambiwa kwamba maendeleo yasiyomhesabu mwanamke ni maendeleo ya mguu mmoja, na kwamba mazingira yakiharibika mzigo humwangukia yeye. Yote yalikuwa kweli. Waliotuletea sharubati walikuwa wanawake wa Kisauni, waliodamka alfajiri kuchota maji ya vibandani kabla ya kuja kazini, na hakuna aliyewauliza neno. Tuliporudi, Mhifadhi mpya, aliyekuja baada ya yule mpenda chai, kijana msomi mwenye heshima zake, akaniita ofisini.

"Bi Mbeyu, wewe ni mwanamke."

"Ndiyo, Bwana."

"Basi utashika dawati la jinsia. Nenda Kisauni, uanzie Mishomoroni. Kaongee na wanawake wenzako, wapande miti."

Dawati lenyewe halikuwepo. Nilipewa kona ya meza aliyokuwa akiitumia karani wa stoo, na gari siku za Jumanne kama halikuharibika.

Mishomoroni wakati ule ilikuwa imeanza kujaa watu, lakini kando ya maji yalibaki mashamba ya wenyeji, minazi na mihogo, na chini yake tope tupu lililoachwa wazi. Mikoko ilikuwa imekatwa ikaishia kwenye matanuri ya mikate na ya chokaa. Uduvi ulikuwa umekwisha. Wanawake waliokuwa wakiutanda walikuwa sasa wakiponda kokoto chini ya jua, au wakienda kufua nguo za watu Nyali. Nikadhani kazi itakuwa nyepesi: wana shida, nina dawa.

Ofisi ilikuwa imenitangulia. Mhifadhi alikuwa ameshagawa miche ya mikanju, yaani mikorosho, na ya miembe, kila mwanamke na mche wake, akapande nyumbani. Miche ile niliikuta nyuma ya nyumba, imekauka ndani ya mifuko yake, yote. Mhifadhi alikuwa ameshatoa hukumu: wanawake wa huku ni wavivu. Mimi niliwaona wakiponda kokoto, na mvivu hapondi kokoto.

Aliyenifumbua macho alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Kadzo. Alikuwa wa makamo, mwembamba, mke wa mkata boriti mmoja mtaratibu, wakiishi katika shamba la ukoo wa mume. Mkubwa wa ukoo alikuwa shemeji yake, Katana, kaka wa mumewe. Mkutano wangu wa kwanza na wanawake ulipokwisha bila mtu kusema lolote, Kadzo alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Rabai.

"Na wewe Mrabai kweli wauliza kwa nini hatupandi?" akasema. "Huko kwenu mke wa mtu apanda mnazi?"

Nikasimama. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu utotoni, lakini nilipoingia ofisini nililiacha mlangoni pamoja na ndala. Kwetu sisi watu wa bara ya pwani, ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mti ni wa aliyeupanda, hata kama umesimama katika shamba la mwenzake. Anaweza kuhama, akarudi kuangua nazi zake, na mwenye shamba hana la kusema. Ndiyo maana mpangaji haruhusiwi kupanda mti wa kudumu, wala mke aliyeolewa haupandi. Mchicha apande, mihogo apande, vitu vinavyong'olewa. Akipanda mwembe, shemeji zake watasema anatia mizizi, anataka kuwarithi. Mhifadhi alikuwa amewapa wale wanawake ugomvi wa ukoo ndani ya mfuko wa plastiki, na wao wakauacha ukauke ili walale kwa amani.

"Basi tufanye nini?" nikamuuliza.

"Nenda kwa shemeji yangu. Mimi simwendei."

Nikalikumbuka lile tope lililoachwa wazi, nikaenda kwa Katana. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti na dafu, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilipomwambia wanawake wataka kupanda mikoko kule chini, topeni, si shambani, alicheka hadi akafuta machozi.

"Tope? Tope halina mwenyewe, mama. Bahari yaja, bahari yaondoka. Waache wapande. Wachoke warudi."

Hiyo ndiyo ruhusa tuliyopata, na ilitolewa kwa kicheko mbele ya wazee wengine wa pale.

Tukapanda. Mara ya kwanza tulipanda chini mno na miche ikazama. Mara ya pili mbuzi wakala mchu wote. Kadzo alikuwa na tabia ya kutoongea akiwa topeni. Anainama, anachoma tundu kwa kijiti, anatia mbegu, anakandamiza kwa kisigino, anasogea. Wenzake wakilalamika yeye yuko mbele. Kila mwanamke alikuwa na safu yake, naye aliijua kama mtu anavyojua watoto wake. Waume wao walipita juu wakiuliza kama wamepanda samaki. Nasi tuliwajibu, "Subirini mtoe sahani."

Miti ikashika. Ikawa ya kiunoni, ikawa ya kichwani, na siku moja Kadzo akanipigia simu, mimi niko ofisini.

"Bi Misitu, umerudi."

"Nani karudi?"

"Uduvi. Nimejaza ndoo."

Nililia pale kwenye kona ya meza ya karani wa stoo, na sioni haya kusema. Kwa miaka mingi kidogo mambo yakawa kama tulivyoambiwa Shanzu. Wanawake walikausha uduvi, wakauza Kongowea, wakafuga nyuki katika mchu, wakanenepesha kaa katika vizimba. Watoto walikwenda shule. Ofisi ikaweka ubao mkubwa ufukweni wenye jina la ofisi. Wageni walikuja kupiga picha na Kadzo, wakimwambia ashike mche, atabasamu.

Kisha mume wa Kadzo akafariki, na mji ukafika Mishomoroni. Ardhi ya kando ya maji ikawa inatafutwa na watu wenye magari marefu. Mmoja wao alitaka kununua shamba la chini mpaka majini, ajaze kifusi juu ya tope, ajenge. Katana akakubali kuuza. Kwa sheria ya nchi mikoko yote ni msitu wa serikali, na hilo nilimweleza Mhifadhi, wakati huo akiwa ameshapanda cheo. Akaniambia, "Bi Mbeyu, sisi ni watu wa miti. Mambo ya ardhi yana wenyewe." Ubao wenye jina la ofisi aliagiza ung'olewe, usije ukaleta maneno.

Kadzo na wenzake wakapeleka shauri kwa chifu, na chifu akaitisha baraza. Nilikwenda kwa nauli yangu, sikutumwa. Wazee walikaa mbele kwenye viti, wanawake chini kwenye mkeka. Mnunuzi alisimama pembeni na miwani yake. Katana akasema shamba ni la baba yake na babu yake, toka barabarani mpaka maji yanapofika, na haoni kwa nini aitwe barazani na wanawake aliowahifadhi mwenyewe.

Chifu akauliza kama wanawake wana la kusema. Kadzo akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo ikabidi watu wanyamaze.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba."

"Nina swali moja tu. Mti ni wa nani?"

Wazee wakatazamana. Katana akajibu kama anayemjibu mtoto. "Mti ni wa aliyeupanda. Hiyo ni sheria ya shamba. Lakini mlipanda topeni, na tope si shamba. Tope halina mwenyewe, nilisema mbele ya wazee hawa, na nasema tena. Sheria ya mti haifiki huko."

"Umesema tena," Kadzo akasema.

"Nimesema tena."

"Basi wamuuzia nini huyu bwana?"

Mzee mmoja akaanza kucheka kifuani, akajizuia akikohoa, na kukohoa kwake kukawachekesha wengine wote. Katana akaketi. Kama tope ni la ukoo wake, miti ni ya wanawake, na kwa mila yetu huwezi kumuuzia mtu shamba lenye miti ya mwenzako bila ridhaa yake. Kama tope si la ukoo, hana cha kuuza. Yule mwenye miwani hakujua mila yetu, lakini alijua ugomvi anapouona, akaingia garini mwake. Hakurudi.

Wanawake walipiga vigelegele mpaka chifu akawaomba wapunguze. Mimi nilipiga pia. Ninyi mnaosoma mnaweza kuishia hapa kama mwataka hadithi nzuri.

Wiki haikwisha, Katana alimwita Kadzo mbele ya nyumba aliyoishi tangu alipoolewa, nyumba ya udongo aliyoikandika kwa mikono yake mwenyewe. Akamwambia, "Una miti yako. Nenda ukakae nayo." Hakumpiga wala hakumtukana. Wazee wale wale waliocheka barazani walisema hilo sasa ni la nyumbani. Mchungaji aliomba juu yake. Nilimwendea Mhifadhi, naye akasikitika kwa moyo wote, akasema ofisi haiingilii familia. Kadzo akapanga chumba kimoja Ziwa la Ng'ombe, nyuma ya kinu cha kusaga, na toka huko akawa anatembea hadi topeni kila maji yakipwa. Taarifa ya mwaka ule ilikiita kikundi chake kikundi cha mfano.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Waliniaga kwa soda na keki na saa ya ukutani, na Mhifadhi akasema katika hotuba kwamba nimekuwa mama wa ofisi. Sikukasirika. Hasira nayo huhitaji magoti. Nakaa Mikindani sasa, katika nyumba niliyojenga kwa mkopo wangu mwenyewe, na asubuhi nyingi nawaza kama nilifanya vyema. Nilimwambia Kadzo apande miti, akapata miti akakosa nyumba. Msitu umesimama, samaki wamerudi, upepo wa jioni una ubaridi kidogo. Mazingira yamepona, na maendeleo yanaonekana hata kwa macho. Lakini shambani, hapo juu, hakuna mwanamke mmoja mwenye mnazi wake.

Nilimtembelea Kadzo mwaka huu baada ya Pasaka. Tulikaa ukingoni mwa tope, yeye akichagua uduvi kwenye ungo, mimi nikiinyoosha miguu. Nikamwambia lililokuwa likiniumiza, kwamba pengine ningemwacha na kokoto zake.

"Usiseme hivyo," akajibu. "Kokoto ningeponda, na nyumba angenitoa vilevile, siku moja kwa jambo jingine. Mume akishakufa sababu hazikosekani."

Hapo tukaona mwanamke anateremka kutoka shambani, kijana, na fuko begani. Alipokaribia nilimtambua kwa paji la uso. Alikuwa Sidi, binti wa Katana, aliyeolewa Malindi. Akatuamkia, tukamwitikia.

"Ndoa imekwisha," akasema. "Nimerudi na watoto."

"Pole, mwanangu," Kadzo akamwambia.

"Nilimwomba baba kipembe cha shamba nipande minazi na mikanju, nipate cha kuwalisha. Akasema binti akipanda, kaka zake watakosa raha." Akatazama chini. "Amenituma kwako. Amesema nikuambie, mama Kadzo, unionyeshe safu. Amesema huku hakuna wa kunisumbua."

Mikono ya Kadzo ikatulia juu ya ungo. Nilidhani atamrudisha na neno la kumchoma babake, na lau angefanya hivyo nisingemlaumu. Nilimwona akilitafuta neno hilo. Kisha akaweka ungo kando, akasimama kwa taabu huku ameshika kiuno.

"Vua viatu," akasema. "Maji yakaribia kurudi."

Shamba la Katana huanzia barabarani, na zaidi ya nusu yake ni nyasi tupu. Sidi aliweka fuko lake chini ya mnazi wa mwisho, akapandisha leso magotini, akateremka topeni.